Nilikaza mguu miaka miwili bure

Uwanjani kwetu walinipa jina la Ukuta. Nilidhani wananisifia ukabaji, kumbe ni kwa sababu kila mpira wa juu ukinifikia unagonga na kurudi ulikotoka. Kocha wetu wa veterani alikuwa na dawa moja tu: "Kaza mguu!" Nikakaza. Kadiri nilivyokaza ndivyo ulivyoruka mbali, siku moja hadi kwenye sufuria la maharage la mama ntilie. Wengine wakasema tatizo ni njumu. Nikanunua mpya, elfu themanini na ushee, mpira ukaruka vilevile.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, aliyekuja likizo. "Mjomba, ukirushiwa yai unalidakaje?" Nikamwambia alete hata trei zima. Yai la kwanza nikalisubiri mikono imekakamaa mbele. Ute ukanifika kwenye nyusi. La pili hivyohivyo. La tatu lilinipita likampata mke wangu, aliyekuwa anatoka kuuliza mayai yake yameenda wapi. La nne, kwa woga tu, mikono ikarudi nyuma pamoja nalo. Likatua zima!

"Basi na mguu ufanye hivyo hivyo, Mjomba."

Kitu kikishashika mwendo hakitaki kuuacha. Hiyo ndiyo inesha, Newton aliiandika tangu 1687. Mpira wa saizi 5 una gramu kati ya 410 na 450. Ukija kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde unabeba momenta (uzito wake kwa kilo mara kasi) ya kama 4.3, na hiyo lazima uimalize ndipo utulie. Ukiimaliza kwa sekunde 0.01, kani, yaani nguvu inayoupiga mguu (momenta gawanya kwa muda), ni niutoni 430, kama umebebeshwa mzigo wa kilo 43 ghafla. Tena mpira una upepo, ukibonyea unajifyatua. Mguu ukirudi nyuma nao kwa sekunde 0.1, kani ni 43 tu. Miaka miwili napigiwa kelele nifanye kinyume chake!

Mazoezi tulifanyia chini ya roshani ya jirani, kama mita 5 kwenda juu. Kijana anauachia tu, unafika chini kwa karibu hizo mita 10 kwa sekunde, huhitaji mpigaji. Unainua mguu kuupokea hewani, kifundo kimelegea, unashuka nao. Uhondo wote uko hapa: anza kushuka kabla haujakugusa. Ukingoja uguse, umeshachelewa. Siku tatu nilijipiga nao kidevuni na kwenye goti, watoto wa mtaa wakaleta vigoda kutazama. Siku ya nne ukanyamaza juu ya kiatu. Nilipiga ukelele jirani akadhani nimevunjika.

Usiujaze upepo ukawa jiwe. Na mvua ikinyesha, kumbuka majani yaliyolowa hayaupunguzi kasi kama vumbi letu la kiangazi, kwa hiyo pasi ya chini inakufikia mapema kuliko unavyoitarajia. Hilo nililijua baada ya kupigwa chenga na dimbwi.

Jumapili iliyopita kipa wetu alipiga mrefu, ukashuka kwangu, nikashuka nao. Ukatulia kimya. Nilivyoshangaa nikabaki nautazama, mpinzani akaja akauchukua kama wake.

Kutoka kwenye benchi nikamsikia kocha akiwaambia wenzake, "Mmeona? Leo kakaza mguu."