Usiku wa kuusoma mji wa Pittsburgh

Dereva wa teksi aliniambia niiweke simu mfukoni. Tulikuwa tunatoka uwanja wa ndege, tunakaribia handaki la Fort Pitt, na alikuwa amekwisha kuniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. "Tazama mbele tu," alisema. Handaki hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, limepenya ndani ya mlima, na muda wote huo huoni kitu ila taa na kuta. Halafu kuta zinakatika. Hakuna vitongoji vya kukuandaa, hakuna nyumba fupi zinazorefuka kidogo kidogo. Papo hapo uko juu ya daraja, mto uko chini yako, na maghorofa ya Pittsburgh yamesimama mbele ya kioo cha gari yote kwa pamoja. Nilijikuta nimekishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Ilikuwa Oktoba 2013. Kazi yangu ni taa za nje za majengo, na mara nyingi mno huwa naitwa jengo likiwa limekwisha, rangi imekauka, mwenye jengo anataka nilipendezeshe usiku. Nilikuwa na siku mbili za mapumziko katika safari ya kikazi Marekani. Wenzangu walikwenda New York. Mimi niliuchagua mji huu wa watu wapatao laki tatu kwa sababu moja: minara yake ni michache, kila mmoja unaweza kuutambua na kuujua kwa jina, na mingi ilijengwa na watu waliofikiri tangu mwanzo jinsi mwanga utakavyoigusa. Nilitaka kuona hilo kwa macho yangu.

Nilianza mchana, kwa miguu, maana jengo usilolijua mchana huwezi kulielewa usiku. Katikati ya mji ni pembetatu ndogo iliyobanwa na mito Allegheny na Monongahela, ambayo inakutana kwenye ncha na kuwa mto Ohio. Unaweza kuizunguka yote kabla ya chakula cha mchana.

Mnara mrefu kuliko yote ni U.S. Steel Tower, mita 256, ghorofa 64, uliokamilika mwaka 1970. Kampuni ya chuma ilijijengea kwa chuma, na ikakiacha chuma hicho wazi nje, bila rangi. Ni chuma cha Cor-Ten, ambacho kutu yake ya juu hushikana na kuwa kama ngozi inayokikinga cha ndani. Nguzo 18 kubwa zimesimama nje kabisa ya ukuta, karibu mita moja mbele yake, nazo zina uwazi ndani uliojazwa maji yenye dawa ya kuzuia kuganda na kutu. Moto ukiwaka, maji yale yanazunguka na kuondoa joto kabla nguzo haijalegea. Nilikwenda nikaweka kiganja kwenye chuma chenyewe. Kimekwaruza kama gome la mti, na rangi yake ni hudhurungi iliyokolea, karibu na kahawa iliyochemka sana. Miaka ya mwanzo mvua ilikuwa inaiosha kutu ile na kutia madoa kwenye vijia vya waenda kwa miguu.

Hatua chache tu kutoka hapo ni jengo la zamani la Alcoa, la mwaka 1953. Kampuni ya alumini, nayo ikajivika alumini: mabamba membamba yaliyokandamizwa yakapata mikunjo, na madirisha yanayozunguka ili yasafishwe kutoka ndani. Kuelekea mto Monongahela ni PPG Place ya mwaka 1984, kazi ya Philip Johnson na John Burgee, ya kampuni ya vioo. Majengo sita, vipande 19,750 vya kioo, vinara 231 vilivyochongoka kama vya kanisa la kale la Ulaya, ila vyote vya kioo. Mnara wake mkubwa una ghorofa 40. Nikaelewa jambo ambalo hakuna kitabu cha kazi yetu kilichowahi kunifundisha waziwazi hivyo: wenye minara hii mitatu walijenga kila mmoja kwa kile alichokuwa anauza, na kwa hiyo kila mnara unaupokea mwanga kwa njia yake. Kutu inaumeza. Alumini inautawanya ukawa laini. Kioo hakina mwanga wake, kinaazima wa majirani.

Jioni nikavuka mto kwenda kupanda Mount Washington. Zamani waliuita Coal Hill, mlima wa makaa, kwa sababu makaa ya mawe yalichimbwa humo humo. Kuna kiberenge kinachovutwa kwa kamba za chuma kupanda ukingo wake, Duquesne Incline, kinachofanya kazi tangu mwaka 1877. Kilifungwa miaka ya 1960 mwanzoni, wakazi wa juu mlimani wakachanga fedha wenyewe na kukifufua mwaka 1963. Behewa ni la mbao, la kale. Lilianza kwenda kwa mtikisiko mdogo, likatulia, na paa za nyumba zikaanza kushuka chini ya miguu yetu. Karibu mita 120 juu ya mto tukashuka.

Jua lilizama saa kumi na mbili na nusu hivi. Nusu saa inayofuata hapo ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine zote, wakati anga bado ina buluu na taa zimekwisha kuwaka, macho hayajalazimika kuchagua kimoja. Paa la shaba la Koppers Building, la mwaka 1929, lenye umbo la paa la kasri, likatokeza kijani chake. PPG bado ilikuwa na wekundu wa machweo upande mmoja na weupe wa ofisi upande wa pili. Na ule mrefu kuliko yote, mnara wa chuma, ukaanza kutoweka. Kutu ilikunywa kila kilichobaki angani, mpaka ukawa kivuli kikubwa chenye madirisha. Watu wengi wa fani yangu wangetamani kuumulika kuanzia chini hadi juu. Mimi namshukuru yeyote aliyewazuia. Giza lake ndilo linaloipa ile midogo nafasi ya kuonekana.

Mnara niliokuja kuuona hasa ni Gulf Tower. Ni wa mwaka 1932, mita 177, ghorofa 44, na mpaka 1970 ndio uliokuwa mrefu kuliko yote mjini. Kilele chake ni piramidi ya ngazi, kilichoigwa kwenye kaburi la Halikarnaso, lile lililohesabiwa katika maajabu saba ya ulimwengu wa kale. Kwa miaka mingi piramidi ile iliwaka taa za neoni kutangaza hali ya hewa: buluu ni mvua, nyekundu ni hali nzuri. Mwaka 2012 ikarudishiwa kazi hiyo kwa taa za LED, safari hii kila sehemu ya ngazi ikiwa na habari yake: joto, mvua, unyevu wa hewa, kasi ya upepo.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja mtu mzima, mikono kwenye reli, naye anatazama kule kule. Nikamuuliza kama anajua kuzisoma rangi zile. Akasema hizi mpya bado anajifunza, lakini za zamani alizijua kabla hajajua kusoma. Baba yake alikuwa akifanya kazi kwenye tanuri za chuma kandokando ya Monongahela, na kila alipokuwa anafunga kamba za viatu kwenda zamu ya usiku alimwambia binti yake aende dirishani. "Mnara una rangi gani?" Akijibu buluu, baba anarudi kuchukua koti. Aliniambia hivyo bila kuyaondoa macho kwenye mnara.

Niliguswa sana, na si kwa ajili ya hadithi peke yake. Katika miaka ya 1940 moshi wa makaa ulikuwa mzito hapa kiasi kwamba taa za barabarani ziliwashwa adhuhuri. Sheria ya kupunguza moshi ilipitishwa mwaka 1941, utekelezaji ukashika kasi baada ya vita. Fikiria, basi, mji ambao mchana wake wenyewe ulihitaji taa, na juu ya moshi ule kuna kilele kinachomwambia mtu wa tanuri kama avae koti. Hiyo ndiyo kazi ya mwanga. Siku hizi naombwa niweke rangi kumi zinazopokezana kila sekunde kwenye jengo, na nikiuliza zinasema nini, hakuna anayejibu.

Kuna taa nyingine inayosema. Juu ya Grant Building, mnara wa mwishoni mwa miaka ya 1920, kuna taa nyekundu inayopepesa jina la mji kwa alama za Morse, zinazoandika kila herufi kwa miale mifupi na mirefu. Nilijifunza alama hizo nikiwa skauti, nikatoa kalamu. Mwaka 2009 mtu mmoja aliyezisoma aligundua kwamba taa ile ilikuwa inaandika Pitetsbkrrh badala ya Pittsburgh, na habari ikaenea. Kosa lile linanipendeza, kwa sababu lilionyesha kwamba bado kuna mtu anayeitazama taa na kuisoma herufi kwa herufi. Mimi sikufika mbali. P niliikamata bila shaka, fupi, ndefu, ndefu, fupi. T pia, mwale mmoja mrefu. Katikati kundi la watalii likanipita mbele, nikapoteza hesabu, nikaanza upya, na vidole vikawa vimekufa ganzi kwa baridi.

Niliteremka na behewa la saa tatu usiku nikaenda kwenye uwanja wa PPG Place. Ukisimama katikati yake kuta za kioo zinakuzunguka pande zote, na kila pande moja inabeba sura ya nyingine iliyovunjikavunjika. Niliutafuta mwanga mmoja tu, dirisha la ofisi lililokuwa linawaka juu kushoto kwangu, nikalihesabu mara saba kwenye vioo vya mbele yangu. Dirisha moja, balbu za mfanyakazi mmoja aliyechelewa, na uwanja mzima umepata nyota. Hapo msanifu alifanya kazi ya taa bila kufunga taa. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea.

Jambo moja tu lilinisumbua. Oktoba ni mwezi wa ndege kuhama kwenda kusini, wanasafiri usiku, na mwanga mkali na vioo huwapoteza. Kwa hiyo mwaka 2021, niliposikia kwamba jiji lile limepitisha sheria ya kuzifanya taa zake za barabarani na za bustani zielekee chini, zisimulike angani, nilifurahi kama mtu aliyezaliwa huko.

Usiku ule nilirudi hotelini kwa kupitia Grant Street. Nilipofika kwenye kona nikainua macho kuutazama Gulf Tower kutoka chini yake. Ngazi moja ya piramidi ilikuwa na rangi tofauti na ile niliyoiacha mlimani. Nilikuwa bado naikumbuka karatasi inayoeleza rangi za mnara ule, najaribu kukisia ni ngazi ya nini, tone la kwanza likaniangukia shingoni. Nikafunga vifungo vya koti.