Saa sita

Jumapili usiku. Nimerudi kutoka Majengo na vumbi la Dodoma kichwani, bando limekata, na bado nacheka peke yangu.

Mama mdogo ana steshenari karibu na soko la Majengo. Anatoa kopi, anachapa CV na barua za maombi ya kazi, na wanafunzi wa UDOM humjia na tasnifu zao siku ya mwisho kabisa, wakihema. Kompyuta yake ni mzee. Nilimwekea Ubuntu 24.04, mfumo wa familia ya Linux badala ya Windows, baada ya virusi vya flashi za wateja kutuchosha, na tangu siku hiyo mimi ndiye fundi, nitake nisitake. Juzi akanipigia: "Baba, hii mashine imegoma kujisasisha. Kila siku inaniletea ilani."

Leo baada ya ibada nikaenda. Shikamoo, marahaba, chai kwanza. Kisha nikafungua dirisha la amri na kuandika sudo apt upgrade; apt ndiyo programu ya Ubuntu ya kuleta masasisho. Ikaanza kuvuta programu, seva ikajibu 404: havipo. Hilo halikunitisha. Upgrade huagiza kwa kufuata orodha iliyoletwa na amri nyingine, update. Orodha ikichakaa, unaagiza matoleo ambayo ghala la programu huko mtandaoni lilishayaondoa. Basi nikaandika sudo apt update nilete orodha mpya.

Hapo ndipo mchana wangu ulipoishia. Orodha kuu ilipita. Ya masasisho na ya usalama zikakataliwa, eti faili la Release, lile lenye sahihi ya ghala na muda liliposainiwa, bado si halali, litakuwa halali baada ya saa 4 na dakika 10.

Nilianza kulaumu mtandao, maana huo huwa haujitetei. Nikabadili hotspoti, nikahama seva ya ghala, nikafuta kila kilichokuwa ndani ya /var/lib/apt/lists na kuvuta upya. MB zikaenda, jibu likabaki lile lile. Nikafungua hata boksi la mashine na kupuliza vumbi jekundu, kazi ambayo haikuhusiana kabisa na tatizo, ila mama mdogo aliitazama kwa heshima kuliko zote nilizofanya leo.

Basi nikaamua kutii. Imesema saa nne, nitasubiri saa nne. Nikala wali, nikamsaidia kulaminisha vyeti, mzee mmoja akaja na "mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, na barua ya shamba la zabibu ichapwe. Alasiri nikajaribu tena. Ikaniambia nisubiri saa 5 na dakika 3.

Nilikasirika. Nimesubiri saa nne nzima, deni limeongezeka! Lakini hasira ikiisha kichwa hufanya kazi. Faili hizo za masasisho husainiwa upya mara nyingi kwa siku, kwa hiyo wakati mimi nakula wali ghala lilikuwa limeshasaini nyingine. Orodha kuu ilipita kwa sababu yenyewe haijaguswa tangu Aprili 2024, toleo lilipotoka. Sasa hizi mbili, kila nikijaribu zinatoa saa tatu na kitu, nne na kitu, tano na kitu. Sita haijawahi kuvuka.

Sita. Mswahili gani asiyeijua hiyo namba?

Nikatazama saa juu ya skrini: 10:52. Nikatazama simu yangu: 16:52.

"Mama mdogo, nani amegusa saa ya hii kompyuta?"

"Mimi. Ilikuwa imekosea. Ni saa tatu asubuhi, yenyewe inaandika saa tisa. Wateja wanachanganyikiwa. Kijana wa jirani akanionyesha pa kuzima ile ya kujipanga yenyewe, nikairudisha sawasawa."

Sikuwa na la kubisha. Saa kumi jioni ni saa kumi. Tatizo ni kwamba kompyuta sasa iliamini inaishi saa sita nyuma ya dunia, na apt ikiona sahihi iliyowekwa kwenye muda ambao haujafika, inaikataa. Vivinjari havikulalamika kwa sababu vyeti vya tovuti huwa na maisha ya wiki au miezi, saa sita kwao si kitu.

Ningeweza kurudisha saa ya Nairobi na Dar na kumwachia ugomvi wake na wateja. Lakini duka ni lake. Linux yenyewe huhesabu muda wa UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa ndani, na majira ya eneo ni vazi la nje tu. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Ukitoa sita unapata saa tatu nyuma, na huko kuna mji mkubwa wa Brazili ambao hausogezi tena saa zake kwa misimu. Nikaandika timedatectl set-timezone America/Sao_Paulo, nikawasha ulinganishaji wa saa, nikachagua mtindo wa saa 12. Tarehe sasa itageuka saa kumi na mbili asubuhi badala ya usiku wa manane, lakini duka hufunguliwa saa moja.

Update ikapita bila kelele. Upgrade ikaanza kushusha mzigo wake mpaka bando likakata njiani, kesho nitamalizia.

Mama mdogo akainama kwenye skrini, saa kumi na moja na robo. "Haya, sasa imekaa sawa." Sijamwambia duka lake liko wapi.