Ukuta wa Fito Mjini Ulm

Fischerviertel, mtaa wa wavuvi wa Ulm, Ujerumani, niliufikia Jumamosi njaa ikiniuma. Treni ilichelewa saa nzima, na chooni pale stesheni wanatoza euro moja. Kahawa na kipande cha keki, euro 9! Nilitamani kulala Schiefes Haus, nyumba iliyoinama, ambayo siku hizi ni hoteli. Ipo tangu karne ya 14, na upande wa mtoni umetitia hadi imeyainamia maji ya Blau kama mtu anayechota. Bei yake ikanirudisha barabarani.

Kanisa kuu lenye mnara wa mita 161.53 nililipita nje tu. Kilichonisimamisha kilikuwa uchochoroni, hatua chache kabla mto Blau haujaingia Danube. Nyumba moja ilikuwa inakarabatiwa, turubai limefunuliwa, lipu imebanduliwa. Kati ya mihimili nikaona fito zilizosukwa, zimejazwa udongo wenye mabua ya ngano.

Nyumba ya udongo! Hizi hizi wanazozichapa kwenye kalenda. Nimekulia Pangani katika nyumba ya boriti za mkoko na fito, aliyoikandika mjomba wangu kwa mikono yake, na utoto wangu wote niliionea haya. Tuliibomoa, tukajenga ya matofali ya saruji ambayo mchana haikaliki kwa joto.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, Kiingereza chake cha kuokoteza. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba kazi hii naijua. Akanisogezea ndoo. Nikafinyanga tonge, nikalibamiza pale fito zinapopishana, kisha nikalisukuma kwa kiganja hadi likatokeza upande wa pili. Hapo ndipo mjomba alipokuwa mkali: udongo usipoikumbatia fito, masika yataubandua. Fundi akazunguka kuchungulia, akaitikia kwa kichwa, akaniletea ndoo nyingine. Nilikandika hadi alipofunga kazi.

Usiku nikampigia mjomba. Aliniacha niseme yote, ndipo akauliza, "Udongo wao wanauloweka siku ngapi, mwanangu?"

Sikuwa nimeuliza. Asubuhi nikarudi mbio, lakini Jumapili mafundi wa huko hawagusi kazi. Turubai lilikuwa limefungwa kwa kamba. Nikapenyeza mkono kwa chini, nikaupapasa ukuta. Ulikuwa bado mbichi, na treni yangu ilikuwa ya saa nne.