Kumpatia mbwa mzee makao ya kudumu Mombasa: uzoefu wangu

Anayempenda mbwa mzee kwenye picha mara nyingi siye atakayeishi naye. Katika nyumba nyingi za Nyali, Kizingo na Bamburi zenye ua wa kumtosha mbwa, mwenye nyumba hutoka asubuhi akarudi jioni, na mchana kutwa mbwa hubaki na askari wa getini, dada wa kazi na mtunza bustani. Hao ndio watakaompa maji, watakaoona kwamba leo hakula, watakaomfungia au kumfungulia. Kwa hiyo ninapomtafutia makao mbwa aliyeokolewa, hao ndio ninaowahoji kwa makini kuliko wote, na jibu lao huamua mengi.

Huwauliza mambo yanayojibika. Siulizi kama wanapenda mbwa, maana mbele ya bosi kila mtu atasema ndiyo. Huuliza mbwa aliyekuwapo hapa alikula nini, nani alimpikia, na alikufa vipi. Askari akijibu, "Yule alikuwa anakula mabaki, na siku nyingine mabaki hayapo," nimepata habari niliyoitaka, na hapo hapo tunapanga nani atapika na pesa ya chakula itatoka kwa nani. Dada wa kazi akisema anaogopa, mbwa huletwa kwa kamba, akalazwa mbali, na dada akaachwa aendelee na shughuli zake bila kulazimishwa kumgusa. Ziara kadhaa zikipita na hofu iko palepale, nyumba hiyo haifai hata iwe na bustani kubwa namna gani, kwa sababu mbwa ataishia kufungiwa bandani kuanzia asubuhi mpaka bosi arudi.

Lakini kabla ya nyumba kuna mbwa mwenyewe, na mbwa mzee lazima ajulikane vizuri kabla hajatangazwa. Mbwa akishapita miaka saba hivi, mboni zake huanza kuonyesha ukungu wa kijivu unaoelekea buluu, na watu hukimbilia kusema amepofuka. Mara nyingi ni lenzi imekomaa tu na bado anaona vizuri. Mtoto wa jicho huwa mweupe zaidi na huziba mwanga, na daktari wa mifugo huyatofautisha kwa tochi. Meno nayo huangaliwa, kwani mbwa anayekataa chakula kigumu pengine ana jino lililooza wala si mchaguzi. Jike ambaye hajatolewa kizazi huwa katika hatari ya kizazi kujaa usaha, na ugonjwa huo humuua upesi, basi afanyiwe upasuaji kabla ya kuhama iwapo moyo na figo zinaruhusu. Dume au jike aliyetoka mtaani achunguzwe sehemu za siri. Akionekana anadondosha damu au ana uvimbe unaofanana na koliflawa, huenda ni ile saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Inatibika kwa sindano za kila wiki, ila matibabu yaishe kwanza.

Kinachoharibu makao mengi hapa pwani ni maradhi ya kupe. Joto na unyevu wetu huwafaa kupe wa mbwa mwaka mzima, nao huleta erlikia na babesia, magonjwa mawili ya damu. Mbwa huonekana mchovu, fizi zimepauka, anakonda, wengine hutokwa damu puani. Kwa erlikia, dawa ya kawaida ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku 28. Mbwa wa kilo 20 basi hupata vidonge viwili vya miligramu 100 kila siku, ndani ya chakula, kwa sababu kidonge kikavu kikikwama kooni huunguza. Kosa la kawaida ni kuacha dawa wiki ya kwanza mbwa anapoanza kula na kuchezesha mkia. Ugonjwa hujificha, halafu hurudi akiwa nyumba mpya, na mwenyeji anaona ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Babesia dawa yake ni nyingine, kwa hiyo damu ipimwe, isikisiwe.

Mbwa anayechechemea asipewe dawa za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa tumbo na kuharibu figo, na parasetamoli inaweza kumharibu ini. Daktari akitaka kumwandikia meloksikamu, dawa ya maumivu ya viungo, figo zipimwe kwanza. Familia mpya huambiwa haya waziwazi na huandikiwa kwenye daftari la mbwa, kwa sababu maumivu ya viungo yakizidi usiku, kitu cha kwanza kupatikana kabatini ni vidonge vya baba.

Kisha tabia. Mbwa mzee asiyesikia vizuri akiguswa usingizini hushtuka na anaweza kuuma bila ubaya wowote. Hilo huangaliwa kwa kupiga makofi nyuma yake, uone kama anageuza sikio. Huangaliwa pia na paka, akiwa kambani, kwani Mombasa hakuna ua usiopitiwa na paka. Asiyeweza kumpita paka bila kuvuta asipelekwe mahali jirani anawafuga.

Tangazo liandike ukweli wote: umri wa kukisia, uzito, chanjo ya kichaa cha mbwa ilichanjwa lini, dawa anazokunywa, na kile asichokiweza. "Hawezi ngazi" ni sentensi inayookoa muda wa watu wengi. Picha moja ionyeshe mbwa amesimama ubavu, nyingine uso na mvi zake. Sipendi matangazo ya kuliza watu. Huleta wanaomhurumia leo na kuchoka mwezi ujao.

Ukienda kuikagua nyumba, anza chini. Pengo chini ya geti ni kubwa kiasi gani? Mfuniko wa shimo la maji machafu umekaza? Marumaru za baraza zinateleza? Mbwa mwenye nyonga dhaifu akiteleza mara mbili hukataa kabisa kuingia, basi mkeka wa mpira au zulia kuukuu litandikwe kutoka mlangoni hadi anapolala. Kivuli kisiwe cha bati peke yake. Februari na Machi bati hugeuka tanuri, na mbwa mzee hupoza mwili kwa shida. Mwarobaini au mwembe unatosha, pamoja na maji mahali pawili. Angalia pia nyufa za ukuta wa banda, kwani kupe jike akishashiba hudondoka na kwenda kutaga humo mayai maelfu. Ukimtibu mbwa ukaacha ukuta, umefanya nusu ya kazi. Ukitumia dawa ya kuogeshea ng'ombe kuua kupe hao, kipimo kisikadiriwe kwa jicho, na dawa za mbwa zenye permethrini, sumu ya kuua kupe, zisimguse paka kamwe.

Majirani ni sehemu ya nyumba. Waislamu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu anayekwenda msikitini alfajiri akarukiwa na mbwa mwenye pua mbichi amepewa kazi kubwa. Kwa hiyo mbwa asiachiwe nje ya geti, na matembezi yapangwe mbali na saa za sala na njia ya msikiti. Wapo pia Waislamu wanaofuga mbwa wa ulinzi. Hadithi zimemtoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanachuoni wengi wamemlinganisha nao wa kulinda nyumba. Familia hizo hutaka banda la nje, vyombo vyake pekee na bomba karibu, na nimeziona zikitunza kwa nidhamu kubwa. Mbwa mzee aliyezoea kulala ndani, hata hivyo, hatafurahia huko, na ni haki kwa pande zote kusema hivyo mapema.

Siku ya kuhama, mpeleke asubuhi mapema kabla ya jua kali, akiwa hajashiba. Tuktuk hufaa kwa safari fupi, kamba ishikwe mkononi, isifungwe kwenye chuma. Kwenda Likoni, vukeni kivukoni saa ambayo hakuna msongamano. Peleka tandiko lake bila kulifua, na chakula alichozoea cha wiki nzima. Chakula kipya, iwe ugali na dagaa au matumbo ya kuchemsha, kichanganywe kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, bila vitunguu na bila mifupa ya kuku iliyopikwa.

Siku tatu za mwanzo wengi hawali vizuri wala hawalali. Wiki tatu hivi huanza kushika ratiba, na miezi mitatu ndipo unapomjua ni nani. Nawaambia wasimwogeshe, wasialike wageni, wasimfungulie kamba hata ndani ya ua siku hizo za mwanzo, kwani mbwa mgeni akisikia fataki za harusi huruka ukuta uliodhani hauruki.

Makubaliano huandikwa na kutiwa sahihi na mwenye nyumba, pamoja na barua ya landilodi kama wamepanga. Yataje nani analipia dawa za kudumu, nani anabaki naye familia ikisafiri, na kwamba ikishindikana wakati wowote mbwa hurudishwa kwangu, hapewi mtu mwingine. Namba ya simu ya anayemlisha pia huandikwa. Nikimpigia yeye baada ya mwezi, simwulizi hali. Namwuliza mbwa ana kilo ngapi, daftari la dawa limejazwa mpaka tarehe gani, na chanjo ya mwaka inaisha lini.