Joto la giaboksi ya otomatiki kwenye Land Cruiser 80

Taa ya A/T OIL TEMP kwenye dashibodi huwaka ikiwa imechelewa: oili ya giaboksi imeshaanza kuungua. Geji ya joto la injini nayo haisemi lolote kuhusu giaboksi. Funga geji yake yenyewe.

Mahali pa sensa ndipo penye ubishi. Ukiiweka kwenye sampo (trei ya oili chini ya giaboksi), itasoma oili iliyotulia na kupoa kiasi. Mimi napendelea paipu inayotoka giaboksi kwenda kwenye rejeta, kwa kuwa hapo inapita oili iliyotoka moja kwa moja kwenye toki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), panapozaliwa joto jingi. Ili kuijua paipu hiyo, washa injini ikiwa baridi, weka gia, kisha shika paipu zote mbili, ya kwenda na ya kurudi: inayotangulia kupata moto ndiyo yenyewe. Ikate, weka kiungo cha tii chenye sensa, kaza klipu. Sensa ya waya mmoja inahitaji ethi safi, yaani igusane vizuri na chuma cha gari. Tepu nyingi kwenye meno ya skrubu ya sensa huharibu usomaji.

Joto la nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi ni kawaida. Kwenye 120, punguza mzigo. Ikifika 135, simama, weka N (gia huru), acha injini izunguke kama mara 1,200 kwa dakika ili pampu isukume oili kwenye kupozea. Usizime!

Mchanga na milima ya mwendo mdogo ndivyo vinavyopandisha, maana toki konvata haijajifunga ili izunguke sawa na injini, na inateleza muda wote. Ingia 4L (gia za chini za magurudumu manne) mapema. Oili ikinuka kuungua, imwage, hata kama rangi bado nyekundu.