Mtoto anaongea sana tu, mpe nafasi akujibu

Huwa naumia nikisikia mtu anasema mtoto wa miezi minne haelewi kitu, eti utaongea nae akikua. Jamani, huyo alianza kukusikia akiwa bado tumboni. Mwaka 1980 huko Marekani watafiti wawili, DeCasper na Fifer, waliwapa vichanga chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti, wakakuta wale watoto wanabadilisha namna ya kunyonya ili tu wapate kusikia sauti ya mama zao na sio ya mama mwingine. Siku tatu duniani hazijaisha na tayari anachagua amsikilize nani!

Kwangu mimi kulia ndio neno la mwisho la mtoto, kabla hajalia ameshasema sana. Akiwa na njaa anageuza kichwa huku na huku mdomo wazi, ukimgusa shavu anafuata kidole, anakula ngumi zake. Akichoka anaangalia pembeni, anapiga miayo, anasugua macho, na hapo ndio utakuta watu wanazidi kumtekenya ili acheke. Ameshasema basi, mwacheni apumzike. Sisemi hatalia, zile jioni za karibu wiki ya sita analia hata kama ameshiba na mkavu, hapo ni kumbeba tu na kutembea nae, zinapita.

Ila kitu ninachowaomba sana kina mama wenzangu na kina baba pia ni kusubiri. Ukiwa unambadilisha pampasi sogeza uso, kama sentimita 20 mpaka 30, kichanga anaona vizuri hapo, mwambie kitu alafu nyamaza. Atachelewa kidogo, atarusha miguu, atakunja midomo, alafu utasikia "aguu". Mjibu hiyo hiyo aguu yake, nyamaza tena. Hapo mnaongea kabisa. Mtafiti wa saikolojia ya watoto, Edward Tronick, miaka ya 1970 aliwaambia kina mama wacheze na watoto wao alafu ghafla wakaze uso bila kuonyesha chochote, dakika chache tu, na watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakajaribu kila njia kumrudisha mama, walipokosa jibu wakageuka pembeni wamenyong'onyea. Inauma kuisoma.

Na bibi akitaka kumsemesha Kinyakyusa mwacheni amsemeshe, hamchanganyi. Masikio ya mtoto mdogo yapo wazi kwa sauti za lugha zote, ni akikaribia mwaka ndio anaanza kushika zaidi zile anazozisikia nyumbani. Kipindi hicho pia ndio anaanza kunyoosha kidole, taa, paka, kuku wa jirani, kwaiyo fuata kidole chake umtajie anachokionyesha, sio unachotaka wewe.

Ila akifika miezi tisa ukimwita jina hageuki, au sufuria inaanguka nyuma yake na hashtuki, mpeleke wamcheki masikio mapema, usikubali kuambiwa subiri akue.