Kidude cha kidole kilisoma 98

Juzi mwanangu wa form two anachora mapafu kwenye daftari la bayolojia, akaniuliza, eti baba, hivi vifuko vya hewa vinajuaje hewa ipi ya kupitisha na ipi ya kukataa? Nikamwambia havijui. Halafu nikamkumbuka mamdogo, basi siku nzima hakunitoka.

Ilikuwa Ujiji, masika, mvua imepiga usiku kucha. Mamdogo alikuwa anasikia baridi akaingiza jiko chumbani, mkaa umeshakolea mwekundu hauna hata moshi, dirisha kaliziba na kitenge. Alfajiri bibi anagonga kimya, tukasukuma mlango, tukamkuta katapika, kashika kichwa, miguu haimbebi, anaongea vitu havieleweki. Wote tukasema malaria imempanda kichwani, tukamtia kwenye bajaji mbio hospitali.

Nesi akambana kidole na kile kidude cha kupimia oksijeni, kikasoma 98. Akasema hewa anayo ya kutosha. Namuangalia mamdogo, macho yanaelea, kifua kinapanda na kushuka, naangalia kidude, 98, namrudia mamdogo. Mtu ana hewa ya kutosha anakuwaje hivi jamani? Daktari akaja akamsikiliza kifuani, mgongoni, mapafu safi, halafu akainama akanusa khanga aliyojifunga. "Alilala na jiko?" Bibi akaitikia. Hapo hapo ukaletwa mtungi wa oksijeni.

Alitueleza huku anamvalisha barakoa. Hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na vile vifuko haivichubui, inapenya tu ule ukuta wao mwembamba mpaka kwenye damu, na huko himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, inaishika mara 200 na zaidi kuliko inavyoshika oksijeni, inakalia siti haishuki. Kidude hakiwezi kuzitofautisha, kikaihesabu kama oksijeni. Kwa hewa hii ya kawaida nusu yake kutoka mwilini ni masaa manne mpaka sita, kwa mtungi ni kama saa moja na nusu, ndo maana alikimbilia mtungi kabla ya maswali mengine.

Alipona, ingawa kusahausahau kulimkaa muda mrefu. Malaria walipima haikuonekana lakini mwenyewe mpaka leo anashikilia ilikuwa malaria, kwa sababu moshi haukuwepo, na sisi sote tumekua tunajua kinachoua ni moshi. Mvua zikianza anaomba jiko lake. Nalitoa barazani, analalamika namtesa na baridi, na baridi kweli anaisikia, blanketi mbili hazimtoshi, sasa sijui nimfanyeje.